Mawazo ya kupanga kurasa za albamu ya mama nitayatoa wapi?

Binti wa Pangani

Habari za leo, ndugu zangu. Mama yetu atatimiza miaka 70 mwezi wa Desemba, na sisi watoto wake tumekubaliana kumtengenezea albamu ya kumbukumbu kwa mikono yetu wenyewe, yenye picha, barua na maelezo mafupi. Kazi ya kupanga kurasa nimekabidhiwa mimi. Ninayo albamu ya kurasa nyeupe za sentimita 30 kwa 30, karatasi za manila za rangi mbalimbali, na picha zisizopungua 60, za tangu alipokuwa chuo cha ualimu. Hata hivyo nimekwama. Kurasa nne nilizojaribu zimefanana kama matofali: picha katikati, ua la karatasi kwenye kona, tarehe chini. Mifano niliyoiona kwenye intaneti mingi ni ya Marekani, nayo ni mizuri, lakini theluji na majani makavu ya rangi ya machungwa havihusiani hata kidogo na mwalimu aliyefundisha Pangani miaka 31. Ninyi mawazo yenu huyatoa wapi?

Mshona Doti

Mdogo wangu, fungua kwanza sanduku la kanga za mama. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, ambao ni ule uwanja wa katikati, na ina jina, yaani maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Uhamishie mpangilio huo kwenye ukurasa wako: ukiacha pindo la sentimita 3 kila upande, utabaki na mji wa sentimita 24 kwa 24. Picha mbili za sentimita 10 kwa 15, ukizisimamisha bega kwa bega, zitachukua upana wa sentimita 20 na kukuachia nafasi ya kupumua, na chini yake utapata sentimita 9 za kuweka jina.

Pindo usilibuni kichwani. Mimi nilipotengeneza albamu ya marehemu bibi, niliitandaza kanga yake mezani karibu na dirisha, nikawekea karatasi nyembamba juu na kunakili korosho zilizochorwa kwenye pindo lake moja baada ya nyingine kwa penseli. Nilipofika kwenye kona ndipo nilipoona kwamba mchoraji hakujaribu kuzikunja zifuate kona. Aliweka korosho moja kubwa peke yake, ikatosha. Kwa ukurasa wa harusi tumia rangi za kisutu, ile kanga ya harusi, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe, na jina liwe fupi, kama vile "Nani kama mama". Habari ndefu ziandike pembeni, uzitie ndani ya bahasha ndogo iliyobandikwa kwenye ukurasa.

Mzee wa Ngamiani

Binti yangu, hayo ya kanga ni kweli tupu, ila nakuomba usianze na pambo. Kurasa zako zimefanana kwa sababu umezipamba kabla ya kuziuliza picha zenyewe zinasema nini. Chukua picha moja, uitazame kwa muda mrefu: mama ameshika nini, amesimama mbele ya pazia gani la studio, mwanga unatoka upande upi? Kisha uigeuze. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio, tarehe, au mwandiko wa mtu aliyeituma, na mwandiko huo ni pambo ambalo hutalipata katika duka lolote. Utoe nakala, uukate, uubandike.

Kwa kurasa mbili zinazotazamana, mimi huufikiria mlango wa kuchonga wa Unguja: mbao mbili, na katikati mfaa, ule mti wa wima mbao hizo zinapokutana. Upande mmoja mama, upande wa pili baba, na mshono wa albamu ndio mfaa wenyewe.

Jambo moja nalisisitiza sana: picha za asili usizipake gundi. Bandika nakala, na zile za asili zihifadhi ndani ya bahasha za karatasi, mahali pakavu.

Binti wa Pangani

Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Jana usiku nilizigeuza picha zote. Nyuma ya ile ya mwaka 1974, ambayo mama amesimama barazani kwa gauni jeupe, nimekuta mwandiko wa marehemu baba kwa wino wa bluu: "Siku ya mvua. Viatu vya kuazima." Picha hiyo nimeiona tangu utotoni, na sikuwahi kuvitazama viatu vyake, kweli vimemzidi, na kisigino kimebaki wazi nyuma. Kwa hiyo nimeamua kwamba pindo la ukurasa huo litakuwa viatu, jozi kwa jozi, na maneno ya baba ndiyo yatakuwa jina. Nimekwisha kuchora jozi 14, na kwenye kila kona nitaweka kiatu kimoja kikubwa.