Jeki ipi inafaa Land Cruiser pikapu ya mizigo, njia za Sikonge na mbugani?

Msafiri wa Ipole
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser pikapu HZJ79, tairi 7.50R16, inabeba asali kutoka vijiji vya upande wa Ipole kuja Tabora mjini. Mzigo wa kawaida ni madumu 30 ya lita 20. Jeki yake ya asili haipo. Iliyopo ni ya chupa, ya mafuta, na siku hizi inanyanyua halafu inashuka yenyewe taratibu. Dukani nimeoneshwa tatu: ya chupa tani 10, ya chupa tani 3, na ile ndefu ya mtindo wa Hi-Lift, inchi 48. Muuzaji anakazania tani 10, eti ndiyo ya kazi. Masika napita mbuga nyeusi (ule udongo mweusi unaonata), kiangazi ni mchanga mtupu. Karibuni wajuzi.

fundi_Isevya
Mkuu, weka tani pembeni kwanza. Lita moja ya asali ni kama kilo 1.4, dumu lako ni kilo 28, madumu 30 ni kilo 840. Ukijumlisha na gari lenyewe, upande mmoja wa ekseli ya nyuma unaounyanyua ni tani 1 au chini yake kidogo. Tani 3 inatosha na chenji inabaki.

Cha kuuliza ni hiki: tairi likiisha upepo kabisa, jeki inaingia chini ya ekseli? Tairi la 7.50R16 likiwa limejaa, bomba la ekseli liko juu sana na jeki yoyote inapita. Likilala, ringi inakaribia kugusa ardhi na hapo nafasi inabaki ndogo mno. Jeki za chupa za tani 10 nyingi zikiwa zimefungwa zina sm 20 au zaidi. Za tani 2 na 3 zipo za sm 15 hadi 18. Tani zikipanda, jeki inarefuka, na wewe ndio unabaki umelala chini unachimba.

Toa upepo wote tairi moja la nyuma, sehemu tambarare, gari likiwa na mzigo. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi upande wa chini wa bomba la ekseli, karibu na gurudumu. Lete namba hapa.

Kaliua Dizeli
Hiyo inayoshuka usiitupe bado. Ishushe mpaka mwisho, isimamishe wima, chomoa kile kizibo cha mpira ubavuni uone kama mafuta yanafika kwenye tundu. Kama yamepungua, ongeza mafuta ya jeki. USIWEKE mafuta ya breki, yanavimbisha sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) na baada ya muda mfupi jeki inakuwa chuma chakavu. Kutoa hewa: fungua valvu ya kushushia, piga mkono mara kumi hivi bila mzigo, funga valvu, rudisha kizibo. Ikiendelea kushuka, basi ni sili au kigololo cha valvu kimekaliwa na uchafu. Sili zinauzwa kwa seti, ila pistoni ikiwa na michubuko ya kutu sili mpya nayo italiwa vilevile.

Mwandiga 4x4
Mimi ningechukua ile ndefu. Kwenye tope haihitaji kuingia uvunguni, unanyanyua kutoka kwenye bampa, unajaza mawe au matawi chini ya tairi, unaondoka. Njia ya Uvinza mvua zikinyesha jeki ya chupa inazama tu.

fundi_Isevya
Mwandiga, kwa kujinasua sawa. Kwa pancha hapana, isiwe jeki yake pekee. Ukinyanyua kwenye bampa, springi zinajikunjua kwanza, bodi inapanda sana kabla tairi halijaachia ardhi, na gari linasimama kwenye mguu mmoja mwembamba likiwa na madumu 30 yanayocheza. Tena bampa iwe ya chuma nene iliyofungwa kwenye chesesi, siyo bati.

Ile jeki ina mambo yake. Wakati wa kushusha, mkono wake unaweza kuruka kwa nguvu, kwa hiyo kichwa na kidevu vikae mbali na njia yake, na ushike kwa mikono miwili mpaka mwisho. Inashuka hatua kwa hatua ikiwa na uzito tu. Bila uzito inaporomoka yote kwa mkupuo. Na zile pini mbili zinazopanda matundu ya nguzo yake kama ngazi zikishika vumbi na tope kavu zinagoma. Mafuta mepesi, siyo grisi, maana grisi inakusanya mchanga.

Mwandiga 4x4
Nimekuelewa. Basi iwe ya pili, siyo ya kwanza.

Msafiri wa Ipole
Nimepima, mzigo ukiwepo. Upepo ukiwa umeisha: sm 19. Ile ya tani 10 dukani imefungwa ni sm 23. Ya tani 3 ni sm 17, pistoni inatoka sm 12, na juu ina skrubu ya kuzungusha sm 6.

fundi_Isevya
Tani 10 imejitoa yenyewe. Sasa angalia upande wa juu. Ili tairi la spea lenye upepo liingie, bomba la ekseli lifike kama sm 36. Kutoka 19 hadi 36 ni sm 17. Pistoni ya tani 3 inatoka 12 tu, na 2 za kwanza zinaishia kuifikia ekseli. Muuzaji atakwambia kuna skrubu ya sm 6, lakini skrubu huzungushwa kabla jeki haijabeba, na ukiizungusha yote kabla, jeki haiingii. Kwa hiyo ni hatua mbili:

1. Jeki ikiwa fupi, skrubu ikiwa ndani, nyanyua mpaka mwisho. Weka gogo imara chini ya ekseli, shusha ilale juu ya gogo.
2. Funga jeki, weka ubao chini yake, toa skrubu kiasi, nyanyua tena.

Au chimba chini ya gurudumu sm chache, spea itaingia. Kwenye mchanga ni haraka kuliko yote.

Kabla ya hayo: legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Weka kabari za mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Na usitegemee gia kushikilia gari. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani difu (gia ya katikati ya ekseli) inalizungusha hilo tu, gari linateleza. Funga habu za mbele (zile za kuunganisha magurudumu ya mbele), weka 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), gia ya kwanza, na breki ya mkono.

Kaliua Dizeli
Ubao huo usiwe wa kuokota. Kitako cha jeki ya chupa ni kama sm 10 kwa 10. Kilo 900 juu yake ni kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba, mbuga iliyolowa haibebi hiyo. Ubao wa mninga sm 30 kwa 30, unene sm 4, unashusha mpaka kilo 1. Tairi likilala hautaingia juu ya ardhi, kwa hiyo uchimbie usawa wa ardhi kisha jeki juu yake.

Msafiri wa Ipole
Na jeki ya asili ya Toyota ikipatikana?

fundi_Isevya
Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote tatu kwa pancha. Ni ya skrubu na gia, haina mafuta wala sili, hailalamiki ikilazwa nyuma ya kiti, na skrubu yake inatoka kwa hatua mbili, kwa hiyo inaanzia chini na kufika juu bila mchezo wa magogo. Ukikuta ya mtumba, izungushe mpaka mwisho kwenda na kurudi ukiwa dukani: isikwame, isiruke jino. Dai na vyuma vyake vya kuzungushia vyote, vikikosekana vipande unalazimika kulala kwenye tope ukizungusha kwa spana. Ipake grisi kidogo kwenye gia, ifunge isigonge. Ukikosa, chukua tani 3, isafirishwe wima, pistoni ikiwa ndani, valvu imefungwa.