GPS "za trela" tunazouziwa hapa Lubumbashi ni biashara ya kupoteza watu

Wandugu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika, na nataka kila anayevuta karavani (ile nyumba ya safari inayofungwa nyuma ya gari), boti au hata trela ya mahindi humu Katanga asome hii kabla hajatoa dola zake.

Kuna duka mjini, jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Wanauza kifaa cha kuongoza njia kwa dola 350. Maneno ya muuzaji ni asali tupu: "Hii si kama simu, papa. Hii unaiambia vipimo vya karavani yako, nayo inakutafutia njia utakayopita salama." Tukaingiza vipimo palepale kaunta: kimo mita 2.6 pamoja na kidirisha cha hewa cha juu ya paa, upana mita 2.2, gari na karavani pamoja mita 11, uzito kilo 1,300. Akanifungulia njia za Johannesburg kwenye skrini. Madaraja yana alama, miteremko ina onyo, kila kitu kinawaka. Mimi siishi Johannesburg! Ungenifungulia Ruashi ya hapa mjini tuone.

Karavani ilikuwa imelala kwa shemeji kule Annexe, pembeni mwa mji, upande nisioujua vizuri. Nilichotaka ni kitu kimoja: kunitoa pale hadi barabara ya taifa namba 1, nielekee Likasi. Nikishaishika hiyo sihitaji mashine, ni kama kilomita 120 za kunyooka tu. Hizo kilomita chache za mtaani ndizo nilizozinunulia kifaa.

Njia ilianza vizuri, udongo mwekundu mgumu. Kisha ikabana: ukuta wa matofali kushoto, mtaro kulia, na mbele waya wa umeme umelegea kati ya nguzo mbili za miti, unaning'inia karibu usawa wa paa langu. Kifaa kimya. Mstari wa buluu unapita chini ya waya kana kwamba navuta mkokoteni. Mama mmoja aliyekuwa anauza makaa akasimama, akaja dirishani: "Papa, utapita wapi apa? Ile waya itakukamata. Bote ile mashini inabatumaka huku. Kamiyo ilikwamaka pale pale."

Bote, yaani wote! Maana yake si mimi peke yangu, hata lori lilikwama pale, na mtaa mzima unajua kile ambacho kifaa cha dola 350 hakijui.

Kijana mmoja akaja na mti mrefu mbichi, anataka kuninyanyulia waya nipite. Nikamkataza kwa ukali. Mti mbichi unapitisha umeme, na sitaki mtoto wa mtu afe kwa ajili ya karavani. Ikabidi kuitenganisha na gari. Tukaweka mawe kwenye magurudumu, nikachomoa plagi ya taa, nikafungua mnyororo wa usalama, tukainua shingo ya karavani kwa jeki yake, vijana wakaizungusha kwa mikono, kidogo kidogo, kile kigurudumu cha mbele kinazama kwenye mchanga kila baada ya hatua mbili. Na muda wote huo, ndani ya gari, yule mwanamke wa kifaa ananiamuru kwa Kifaransa nigeuze gari mara itakapowezekana. Mke wangu ndiye aliyekizima. Mimi ningekirusha mtaroni.

Nikarudi dukani. Jibu: "Ramani ya Kongo imo, papa, angalia mwenyewe." Ndiyo, imo! Mistari ya barabara imo. Kinachokosekana ni vipimo. Hapa ndipo uongo ulipojificha, na naomba tuelewane vizuri. Kifaa cha trela hakioni barabara. Kinachukua kimo ulichokiandika na kukilinganisha na kimo ambacho mtu mwingine amekiandika kwenye ramani, pale kwenye daraja au kizuizi. Kama hakuna aliyeandika, hakuna cha kulinganisha, na kifaa changu hakisemi "sijui". Kinakupitisha tu. Pengo kwenye ramani kinalisoma kama ruhusa. Uzito ni hivyo hivyo: kivuko cha mbao kisicho na kikomo kilichoandikwa kinaweza kutendewa sawa na daraja la zege. Halafu wanakuandikia neno "salama" kwenye boksi.

Najua watakaokuja kusema "si ungetumia simu". Simu gani? Google Maps haikuulizi kama unavuta kitu. Haina mahali pa kuandika kimo wala uzito, na ina mpangilio wa kukwepa barabara za kulipia lakini haina wa kukwepa udongo. (Huo wa kukwepa malipo, ukiwa na trela, usiuguse. Peaji inauma mfukoni, lakini lami iko upande huo.) Waze, programu nyingine ya njia ya simu, angalau ina mpangilio wa kukwepa barabara zisizo na lami, ila nayo inajua gari dogo, teksi na pikipiki, karavani haimo. Na muda wa kufika wanaokupa ni wa gari lisilovuta kitu, halijui kwamba breki yako inahitaji nafasi kubwa zaidi na kwamba kwenye mashimo unatambaa.

Nilichobaki nacho sasa ni OsmAnd, programu ya ramani ya simu, kwa shingo upande. Inatumia ramani za OpenStreetMap, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuziongezea, unazipakua nyumbani ukiwa na mtandao mzuri, barabarani haili data. Simu inapokea setilaiti bila mtandao wowote, msidanganywe na wanaowauzia vifurushi "vya GPS". Ina wasifu wa lori unaokubali kimo, upana na uzito, na ina mpangilio wa kukwepa njia zisizo na lami. Huo wa pili ndio wenye faida kwetu kuliko wote, kwa sababu lami na udongo watu wameziandika sehemu nyingi, vimo hawajaandika. Na uzuri wake, mtu akipima daraja leo kwa futi kamba akaliandika kwenye OpenStreetMap, ramani zikisasishwa wote tunalipata. Kwenye kile kiboksi changu unangoja kampuni ya ng'ambo ikukumbuke. Wanaosafiri mbali wanaisifu pia ramani ya Tracks4Africa ya Afrika Kusini, imejengwa kwa njia ambazo wasafiri wenyewe wamezipita. Kwa mtaa wa Annexe sitegemei.

Waya ulioinama hauko kwenye ramani yoyote. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari ninafungua picha ya setilaiti, naangalia mahali nyumba zinapobana njia, kisha napigia simu shoferi wa malori ninayemfahamu. Yeye anajua wapi mvua ya Januari imekata njia na wapi lori halina pa kugeuzia. Bei yake ni kumnunulia chai.

Halafu mnaoteremka Zambia na karavani: baada ya mpaka wa Kasumbalesa mnahamia kuendesha upande wa kushoto wa barabara, na kwenye mzunguko kifaa kikichelewa kuongea sekunde mbili umeshapita njia yako, na karavani hairudi nyuma kirahisi. Abiria awe ndiye anayesoma skrini, dereva aangalie vioo.

Wauzaji, ninachodai si muujiza. Andikeni kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ni mikoa gani yenye vipimo vya madaraja na ni ipi yenye mistari mitupu. Mkimfungulia mteja skrini, mfungulieni mji anakoishi. Kama mkoa wetu wa Haut-Katanga ni tupu, semeni ni tupu, atanunua au hatanunua.

Duka limenikatalia kurudisha pesa, ati boksi limefunguliwa. Lilifunguliwa na muuzaji wao, kwenye kaunta yao, ili anionyeshe Johannesburg. Meneja ameniambia nirudi Jumatatu na risiti. Risiti ninayo, na mwenye kifaa kama changu aje na chake tuingie pamoja.