Je, programu niliyoilipia ni yangu, au nimeikodi tu?

Swali
Ndugu zangu, ninaishi Maryland, Marekani, na nina duka dogo. Juzi nililipia programu ya kutunzia hesabu. Ndani ya boksi hamkuwa na diski, bali kadi ya kukwangua kama vocha ya simu. Nilipokwisha kuingiza namba ndipo masharti ya leseni yalipotokea kwenye kioo, na humo nikasoma kwamba siruhusiwi kumwuzia mtu mwingine programu hiyo na kwamba kampuni inaweza kusitisha huduma wakati wowote. Nilirudi dukani na risiti mkononi, nikaambiwa kadi iliyokwanguliwa hairudishwi. Nasikia jimbo hili lina sheria ya leseni za namna hii. Je, inamlinda nani?

Jibu la kwanza
Ndugu, sheria hiyo inaitwa UCITA, kifupi cha jina la Kiingereza la sheria ya mikataba ya programu na taarifa za kompyuta. Ilitungwa na tume inayoandaa rasimu ili sheria za majimbo zifanane, ikapitishwa na tume hiyo mwaka 1999 baada ya mshirika wake, Taasisi ya Sheria ya Marekani, kujitoa. Ni Virginia na Maryland pekee zilizoikubali, mwaka 2000. Kwa tatizo lako kipo kifungu kinachokufaa: mnunuzi ambaye hakupewa nafasi ya kusoma masharti kabla ya kulipa, kisha akayakataa alipoyaona, ana haki ya kurudishiwa fedha zake pamoja na gharama za kawaida za kuirudisha bidhaa. Je, umeshabonyeza "Nakubali"? Ukibonyeza, haki hiyo inapotea.

Jibu la pili
Kifungu hicho kipo, lakini tusimfiche ndugu yetu ubaya wa sheria yenyewe. Iliyahalalisha masharti yanayoonekana baada ya fedha kutoka mfukoni, jambo ambalo mahakama ya rufaa ilikuwa imelikubali mwaka 1996 katika kesi ya kampuni ya ProCD dhidi ya mnunuzi wake, Zeidenberg, na toleo lake la mwanzo lilimwachia mwenye programu nafasi ya kuizima kutoka mbali bila kwenda mahakamani kwanza, mpaka marekebisho ya 2002 yalipopiga marufuku uzimaji huo. Tena leseni iliweza kuchagua sheria ya jimbo gani itumike, kwa hiyo mtu wa mbali angejikuta anahukumiwa kwa sheria ya Virginia. Ndiyo maana Iowa, North Carolina, West Virginia na Vermont zilitunga sheria za kuwakinga wakazi wao. Mwaka 2003 tume ikaacha kuipigia debe UCITA. Mimi naona dawa ni kumweleza mnunuzi ukweli kabla hajalipa. California imeanza: tangu tarehe 1 Januari 2025, anayeuza bidhaa za kidijitali mtandaoni haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kueleza wazi kwamba anachotoa ni leseni, isipokuwa pale mteja anapoweza kuipakua bidhaa na kubaki nayo daima bila kutegemea intaneti.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Sijabonyeza, ukurasa wa masharti bado uko wazi kwenye kompyuta na nimeupiga picha pamoja na kadi na risiti. Kesho asubuhi ninarudi dukani, na safari hii barua yangu ya kuikataa leseni nitaiandika kabla sijatoka nyumbani, nakala moja niiache kwao na nyingine niitume kwa kampuni yenyewe.