Daktari kasema ni "kushindwa kukabiliana na mabadiliko". Mbona hakusema sonona?

Mama Pacha
Wakuu, naomba mnieleweshe. Mume wangu aliondoka mwezi wa tatu. Wiki chache baadaye usingizi ukakata: nalala saa nne, saa nane niko macho narudia ujumbe wake wa mwisho neno kwa neno. Kazini ni mhasibu, na siku hizi nakosea hata kujumlisha. Naingia chooni nalia, nanawa uso, narudi mezani. Ila watoto wakinichekesha nacheka kwelikweli, na chakula nakula. Daktari kaniuliza maswali weee, damu kapima ya tezi ya thairoidi tu, kisha kaandika hilo jina. Dada yangu anasema ni namna ya kistaarabu ya kuniambia nadeka.

Muuguzi wa Zamu
Pole sana dada, na hudeki. Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili. Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu. Thairoidi wanaipima kwa sababu ikivurugika huleta wasiwasi, huzuni na kukosa usingizi vilevile. Kazi kubwa iko kwenye tarehe: tukio lini, dalili lini? Mwongozo wa Marekani, DSM-5, unataka dalili zianze ndani ya miezi 3 tangu tukio. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unasema kwa kawaida ni ndani ya mwezi 1, na unatilia mkazo akili kung'ang'ania tukio lenyewe. Huo ujumbe unaourudia usiku ndio huo.

Kuhusu sonona, wanatafuta dalili 5 kati ya 9, karibu kutwa nzima na karibu kila siku kwa wiki 2, na lazima mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Wewe bado unacheka na unakula. Lakini ungetimiza vigezo, ingeitwa sonona hata kama kilichoianzisha ni kuachwa.

Kinyonga
Mimi hili jina siliamini. Nani asiyelia akiachwa? Kila huzuni sasa ina faili!

Muuguzi wa Zamu
Kinyonga, hoja yako ina uzito, na wapo wanaobandika jina hili haraka mno. Ndiyo maana kulia peke yake hakutoshi. Ama maumivu yazidi kiasi cha tukio, ama maisha yakwame. Mhasibu asiyeweza kujumlisha kakwama.

Mama Pacha
Asante. Nimesoma kwamba huisha ndani ya miezi 6. Lakini kesi ya talaka bado iko mahakamani!

Muuguzi wa Zamu
Hiyo miezi 6 huhesabiwa tangu tukio na athari zake viishe, si tangu alipoondoka. Kesi ikiendelea, dalili zinaweza kuendelea bila jina kubadilika. Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu. Dawa, zikitumika, mara nyingi ni za muda mfupi, kama za usingizi. Ukianza kupoteza hamu hata ya watoto, rudi wakuangalie upya. Na usidanganywe na jina kusikika jepesi: wenye tatizo hili nao hupatwa na mawazo ya kujiua. Yakikujia, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Je, daktari alikuuliza kuhusu hilo?

Mama Pacha
Aliuliza, nikamjibu hapana. Ni kweli, hapana. Dada namtumia hii asome.