Siti za ndani siku ya premia ya filamu iliyotoka kwenye kitabu cha vijana: ni za wasomaji au za mainfluensa?

Wakuu nawasalimu. Naomba tulijadili hili bila matusi maana kila filamu iliyotoka kwenye kitabu cha vijana ikikaribia kuzinduliwa vita inaanza upya, mashabiki wanalalamika, studio iko kimya, baada ya wiki mbili watu wamesahau mpaka filamu nyingine ije. Swali langu ni moja tu. Zile siti za ndani ya ukumbi, siku filamu inaonyeshwa kwa mara ya kwanza kabisa, akae nani? Msimamo wangu nautoa mapema: sehemu kubwa ya siti zitengwe kwa wasomaji wa kitabu, zigawiwe kwa droo ya wazi, na huu mtindo wa watoto kukesha barabarani ndo wapate nafasi ufe.

Kwanza tuelewane premia inavyokwenda, kwa sababu wengi wanaona picha za zulia jekundu wanadhani ule umati wote unaingia kuangalia filamu. Hapana. Tiketi za premia kwa kawaida haziuzwi dirishani. Ukumbi unagawiwa kwa waigizaji na familia zao, waliotengeneza filamu, wakubwa wa studio, wadhamini, waandishi wa habari, maseleb walioalikwa wapendezeshe picha, na miaka hii mainfluensa. Mashabiki wako nje nyuma ya vizuizi vya chuma, akibahatika mtu anapata saini au selfi, waigizaji wakishaingia milango inafungwa na wao wanarudi kwao. Zipo premia ambazo mashabiki kadhaa wanaingizwa, mara nyingi kwa shindano au mgao mdogo, ila kundi kubwa linabaki nje. Na hili si jambo la jana, toka enzi zile Sid Grauman, mwenye kumbi za sinema, anafanya premia kwenye ukumbi wake wa Egyptian Theatre, Hollywood, mwaka 1922, umati wa nje ni sehemu ya onyesho.

Kwa filamu nyingine mi sina neno. Hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya sinema moja kwa moja inaanza kutafuta watu wake siku hiyo hiyo ya uzinduzi. Ila hizi za vitabu vya vijana watu wake walikuwepo kabla ya kamera kuwashwa. Twilight kitabu kimetoka 2005, filamu 2008. The Hunger Games kitabu 2008, filamu 2012. Hiyo miaka mitatu minne katikati ni nani aliyekuwa anakitembeza kitabu? Ni binti wa miaka 14 aliyemwazima rafiki yake akamsumbua kila siku umefika sura ya ngapi, ni mkutubi aliyekiweka rafu ya mbele, ni vijana wanaochora wahusika na kuandika hadithi zao za nyongeza usiku wakati wenzao wamelala, na studio inaponunua haki za kitabu inanunua hao watu pia, inajua kabisa wapo na wanasubiri. Halafu siku yenyewe ikifika wao ndo wa kusimama nje na siti anakalia mtu ambaye hajafungua hata ukurasa wa kwanza. Hili linaniuma na sitaki kulifichaficha.

Sasa kukesha. Julai 7, 2011 London, premia ya Harry Potter ya mwisho, zulia lilitoka Trafalgar Square mpaka Leicester Square na watu walikuwa wamelala pale tangu siku za nyuma, wengine wametoka nchi za mbali. Miaka miwili kabla, kwenye filamu ya sita, mvua iliwapiga vibaya sana. Novemba hiyo ya 2011 Los Angeles ikawa zamu ya Breaking Dawn ya kwanza, filamu ya mfululizo wa Twilight, hema zikapangwa nje ya ukumbi wa Nokia Theatre siku kadhaa kabla. Najua mtaniambia ni kumbukumbu tamu na mimi siwabishii, watu wamepata marafiki wa maisha kwenye zile foleni. Lakini tujiulize foleni ya namna hiyo inamchagua nani. Inamchagua mwenye muda, mwenye nauli, mwenye mzazi anayeweza kuacha kazi amsindikize, mwenye mwili unaohimili kulala kwenye lami. Mwenye mtihani wiki hiyo ameachwa. Anayetembea kwa kiti cha magurudumu ameachwa. Na hatari ipo, Julai 2012 San Diego mashabiki wa Twilight walikuwa wanasubiri Comic-Con, lile kongamano kubwa la mashabiki wa filamu na katuni, mama wa miaka 53 akakimbia kuvuka barabara kurudi kwenye foleni, akagongwa na gari akafariki. Haikuwa premia, ila kukesha ni kule kule.

Karibuni.

*

Mtoa mada nakuheshimu ila hapa umeteleza. Umeiongelea premia kama vile ni sherehe ya mashabiki, premia ni usiku wa waliofanya kazi. Mimi nafanya kazi nyuma ya kamera, sio filamu kubwa lakini nazijua seti. Kuna mtu wa taa ameamka alfajiri miezi mitatu, kuna mshona mavazi, kuna mhariri kakaa chumba cha giza karibu mwaka mzima, na hao wote kuna premia hawapati hata siti moja ya kumleta mama yake. Ukianza kugawa ukumbi kwa droo wa kwanza kukatwa watakuwa hao, sio maseleb, amini nakwambia.

Halafu hela. Ukumbi, ulinzi, kufunga barabara, analipa studio. Premia ni bajeti ya matangazo, na filamu hizi maisha yake yanaamuliwa wikendi ya kwanza. Influensa mmoja anaweza kufikia watu ambao hawajawahi kukisikia hicho kitabu na hao ndo studio inawatafuta, kwa sababu msomaji ataenda tu sinema hata asipoalikwa. Inauma kusikia lakini ndo hesabu ilivyo. Na mwisho, kusoma kitabu hakukupi umiliki wa filamu. Ulinunua kitabu, ukapata kitabu. Na huyo msomaji utamjuaje? Utampa mtihani mlangoni? Droo ikitangazwa tu walanguzi wanaingia na akaunti za uongo, mtoto wa watu anauziwa tiketi ya bure kwa bei ya kukopa.

*

Mimi naomba msituondolee foleni. Nimekesha nje ya premia nikiwa kijana na sikuingia ndani wala sikutegemea kuingia, nilikwenda kwa ajili ya ile nje yenyewe. Mtoa mada unaongea kama vile sisi tulioko nje tumenyimwa kitu, sawa siti hatuna, lakini pale ndo mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa na watu ambao ukitaja jina la mhusika hawakuulizi ni nani huyo. Nyumbani nilikuwa peke yangu na kitabu changu. Pale kila mtu alikuwa na nakala iliyochakaa kama yangu, tukasomeana kwa zamu mpaka betri za tochi zikaisha.

Na foleni ina haki yake jamani. Watu wanaandika majina kwenye daftari, mnapeana namba, ukienda chooni jirani anakulindia nafasi, anayejipenyeza anarudishwa na foleni nzima. Unamwona aliye mbele yako na unajua amefika kabla yako. Droo ni kompyuta ya studio, nani ataikagua? Watakwambia umekosa na huna pa kuuliza. Nipo tayari kukubali kitu kimoja, wadogo wasiwepo usiku bila mtu mzima, hapo sina ubishi. Na studio iweke vyoo na maji badala ya kujifanya haijui kama watu wako pale.

*

Nasema kama mzazi, kwa kifupi. Mwanangu ana miaka 15 na vitabu hivi ndivyo vilivyomfanya asome, kabla ya hapo ilikuwa vita. Akiniomba kwenda kulala nje ya ukumbi nitakataa na nitakuwa nimemvunja moyo, na mwenzake ambaye mzazi wake amekubali atapata kile yeye alichokosa. Mimi naonekana mbaya kwa sababu ya utaratibu ambao sikuupanga. Nipeni droo, akikosa amekosa kihalali na atanielewa.

*

Mtoa mada nimerudi, nimewasoma wote.

Ndugu wa nyuma ya kamera, hofu yako ni ya kweli na naichukua. Siti za mafundi zisiguswe, na kama wanakosa hata ya mama zao basi hilo nalo ni kosa la mgawaji yule yule ninayemlalamikia. Sijasema tukate kwako. Nasema tukate kwa seleb ambaye hana uhusiano wowote na filamu, kwa wadhamini, na kwa mainfluensa.

Kuhusu hesabu ya wikendi ya kwanza, nikupe mfano. The Fault in Our Stars, filamu ya 2014 iliyotoka kwenye kitabu cha vijana. Wale waliwaweka wasomaji mbele waziwazi, mashabiki wa Marekani walishindanisha majimbo yao mtandaoni ili waigizaji na mwandishi wawafuate, ndo wakaenda Miami, Cleveland, Nashville na Dallas, miji ambayo kwa kawaida haionji mambo hayo. Halafu tarehe 5 Juni, usiku mmoja kabla ya filamu kutoka, kukawa na onyesho maalumu la mashabiki kwenye kumbi nyingi kwa pamoja, tiketi dola 25, na baada ya filamu mazungumzo ya moja kwa moja na waigizaji na mwandishi. Filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 12 hivi, wikendi ya kwanza Marekani na Kanada ikaingiza kama milioni 48. Sisemi ni onyesho lile ndo lililoleta hela zote, nasema kuwapa wasomaji nafasi ya mbele hakukumharibia mtu biashara, na yule kijana wa Cleveland hakulazimika kupanda ndege kwenda kulala kwenye lami ya Los Angeles.

Na hao mainfluensa tuwaangalie kazi yao usiku ule. Mara nyingi studio inaruhusu watu kuposti hisia zao mara tu baada ya onyesho, wakati uhakiki kamili umezuiwa mpaka karibu na siku ya kutoka. Kwaiyo kinachotangulia mtandaoni ni sifa za mtu aliyealikwa bure, kapigwa picha, na anataka aalikwe tena. Msomaji akitoka mle ndani atakwambia ukweli, mhusika fulani wamemkuza umri, mwisho wameubadilisha. Rick Riordan, mwandishi wa vitabu vya Percy Jackson, mwenyewe aliwaandikia watengenezaji wa filamu yake mapema kabisa, kabla haijapigwa picha, akiwaonya kwamba kumtoa mtoto wa miaka 12 na kumfanya kijana mkubwa kutawapoteza wasomaji, barua hizo akaja kuziweka hadharani mwaka 2018. Hawakumsikiliza, zikatoka filamu mbili, 2010 na 2013, ikaishia hapo, na hadithi imekuja kuanza upya kama tamthilia mwishoni mwa 2023 naye mwandishi akiwa ndani ya utengenezaji.

Umesema msomaji amenunua kitabu akapata kitabu, hana umiliki. Sawa, kisheria hana. Ila mkumbuke waliosimama nje ya premia ya Divergent, nayo ya kitabu cha vijana, mwaka 2014, walipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Filamu ya tatu ilipofanya vibaya 2016, ya mwisho haikutengenezwa kabisa, hadithi ikakatwa kabla ya mwisho wake. Studio ilihesabu ikaondoka, na ni haki yake. Wasomaji hawana pa kuondokea, wanabaki na hadithi yao mpaka leo. Mtu anayebaki namna hiyo kumpa kiti kimoja usiku mmoja ni kitu gani jamani.

Kumjua msomaji bila mtihani inawezekana, wapeni maktaba mgao, wapeni maduka ya vitabu mgao, wapeni klabu za kusoma za shule mgao, hao wanawajua watu wao kwa majina. Tiketi iwe na jina, mlangoni kitambulisho, haihamishiki, mlanguzi anauza nini hapo? Mwenye umri mdogo droo yake iwe na siti mbili, yake na ya mtu mzima. Na kuhusu nani ataikagua, matokeo yanatangazwa na maktaba zenyewe, sio studio.

Dada wa foleni (kama ni kaka nisamehe), ulivyoandika kuhusu tochi vimenigusa kweli. Sitaki ile nje ife. Watu waje mchana, wasomeane, wavae kama wahusika, waimbe. Ninachokataa ni siti ya ndani kuwa zawadi ya aliyelala nje siku nyingi zaidi, kwa sababu hapo ndo mtoto anaanza kudanganya nyumbani na kukacha shule. Siti ikitolewa kwa droo, anayekuja nje anakuja kwa sababu anapenda kuwa pale, kama wewe ulivyopenda.

Sasa ndugu wa kamera nijibu hili moja bila kuzunguka. Ukumbi umejaa, siti imebaki moja, mbele yako kuna mkutubi aliyekitembeza kitabu kile shule nzima tangu kilipotoka na kuna mtu maarufu aliyekuja kupigwa picha. Wewe uliyejenga ile seti kwa mikono yako ungependa nani aangalie kazi yako?