Muziki na rushwa ya bandarini katika On the Waterfront

Swali: Ndugu zangu, jana nimeitazama filamu ya Marekani On the Waterfront ya mwaka 1954, na muziki wa Leonard Bernstein umenigusa mno. Je, uonevu ule waliofanyiwa makuli wa bandarini ulikuwepo kweli?

Jibu: Ulikuwepo, ndugu yangu. Filamu ilitokana na makala za mwandishi wa habari Malcolm Johnson, zilizopata tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 1949, kuhusu bandari ya New York, ambako makuli walijipanga mbele ya msimamizi, na asiyetoa kitu kidogo aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Jibu: Naongezea kwamba ilipigwa Hoboken penyewe, mji wa bandari ng'ambo ya mto kutoka New York, wakati wa baridi kali, hata pumzi za waigizaji zinaonekana kama moshi. Usikilize tena ule mwanzo: baragumu moja linalia peke yake, kisha ngoma zinaingia kwa kishindo.