Kisu naruhusiwa kununua, nikitembea nacho nakuwa mhalifu! Sheria ya visu Uingereza inatuonea mafundi

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira na sijali.

Mimi ni fundi kapeti, niko England miaka mingi tu, na kisu kwangu ni jembe. Jumapili iliyopita naendesha zangu, taa ya nyuma imeungua, polisi wakanisimamisha. Mmoja anamulika tochi akaona kisu changu cha kukunja kwenye mfuko wa mlango. Akaniuliza cha nini, nikamwambia cha kazi. Akasema leo Jumapili unafanya kazi wapi? Nikabaki natumbua macho, maana kweli sikuwa naenda kazini, nilikisahau pale tangu Ijumaa jioni.

Basi hapo ndo nikajua. Sheria ya 1988 inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila sababu yoyote kama makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Changu hakifiki hata inchi 3! Lakini kina loki, ile ukikifungua kinakaza mpaka ubonyeze kichuma ndo kikunjike, na tangu 1993 mahakama ilishaamua kwamba chenye loki hakihesabiki kama kisu cha kukunja, kwa hiyo mbele ya sheria kiko sawa na lile lisu la kukatia nyama. Hapo lazima uwe na sababu ya msingi na wa kuithibitisha ni wewe, sio wao. Kusahau peke yake sio sababu. Na usijidanganye kwamba uko ndani ya gari lako, ukiwa barabarani hapo ni hadharani tu. Kifungo kinaweza kufika miaka 4, wakuu, miaka minne!!

Kinachoniuma zaidi ni hiyo loki. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, limezunguka kama pete, nililipata na kisu kisicho na loki, nimekandamiza kwenye kona ya kapeti kikajikunja na vidole vyangu ndani, damu mpaka kwenye kapeti la mteja. Ndo maana nikanunua chenye loki. Sasa kile kilichonikata ningetembea nacho hata sokoni hakuna wa kuniuliza, hiki kinachonilinda vidole ndo kinanipeleka kituoni, nani alikaa akaona hii ina akili?

Na siku nanunua muuzaji alihangaika na umri wangu tu, kwa sababu akimuuzia wa chini ya miaka 18 anashtakiwa yeye. Hilo naliunga mkono kabisa, nina watoto. Ila hakuna aliyefungua mdomo kuniambia kaka hiki usikiache kwenye gari siku ya mapumziko. Kwenye boksi wameandika chuma cha aina gani, kuhusu kukibeba hakuna hata mstari mmoja.

Mtaniambia vijana wanauana kwa visu. Najua, na naumia kama nyie. Yale mapanga ya kutishia watu, ya ncha kali yanayozidi inchi 8 yenye meno meno au matundu, walipoyapiga marufuku Septemba 2024 hata kuyaweka nyumbani, nilifurahi. Hayo hayana kazi nyingine. Lakini mimi fundi mwenye kisu kidogo kina gundi ya kapeti imeganda kwenye mpini unaniweka kapu moja na hao?

Kisu wamekichukua, mimi nimepewa onyo rasmi linalokaa kwenye rekodi, na kazi zangu nyingi ni za mashuleni ambako rekodi wanaiangalia kabla hujashusha hata rola moja. Nataka waandike kwenye boksi kabla ya kuuza, herufi kubwa.

Kama una kisu chenye loki kwenye gari kakitoe sasa hivi. Na kama kuna mtu alishapewa onyo la hivi akalipinga likafutwa, naomba anieleze alianzia wapi.